Akisaini Harudi: Hesabu ya Kijana wa Hoki Aliye Chuoni

Ijumaa ya tarehe 12 Aprili 2019, mjini Buffalo, beki wa miaka 20 anayeitwa Cale Makar alikabidhiwa tuzo ya Hobey Baker, ambayo hupewa mchezaji bora wa hoki ya barafuni katika vyuo vya Marekani. Jumamosi yake timu yake, Chuo Kikuu cha Massachusetts, ikachapwa 3-0 na Minnesota Duluth kwenye fainali ya taifa. Jumapili akasaini mkataba na Colorado Avalanche. Jumatatu usiku yuko Denver, mechi ya mtoano ya NHL, ligi kuu ya hoki ya kulipwa ya Marekani na Kanada, dhidi ya Calgary, timu ya mji aliozaliwa, na kipindi cha kwanza hakijaisha ameshafunga bao.

Ukiisikia hivyo unaweza kudhani mambo yalijipanga yenyewe. Lakini Makar alikuwa amechaguliwa na Colorado tangu 2017, akiwa wa nne katika orodha nzima ya vijana waliochaguliwa na klabu mwaka ule. Alikaa chuoni miaka miwili. Mwaka wa kwanza alipata pointi 21 katika mechi 34 (bao moja ni pointi moja, na pasi ya bao ni pointi moja). Mwaka wa pili pointi 49 katika mechi 41. Yule wa mwaka wa kwanza na yule aliyefunga bao Denver ni mtu mmoja kwa jina tu.

Kila masika vijana kadhaa hukaa mezani na wazazi wao na kujiuliza swali hilo hilo: kusaini au kurudi darasani? Watu wa nje huliona kuwa swali la shule dhidi ya pesa. Ukikaa na kanuni zake kwa muda unagundua kuwa kwa sehemu kubwa ni swali la saa: saa ya nani inakimbia, na nani anafaidika ikikimbia.

Tusichanganye michezo, maana magongo tunayoyajua wengi wetu huchezwa kwenye nyasi. Haya ni ya barafuni: watu sita kila upande, kipa akiwamo, viatu vyenye makali ya chuma, na badala ya mpira kuna kisahani kigumu cheusi kiitwacho paki. Afrika Mashariki uwanja wa barafu uliojulikana ni ule mdogo wa hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, Nairobi, ambako timu ya Kenya Ice Lions ilizaliwa. Na mwaka 2024 Kenya ilipokelewa kuwa mwanachama katika shirikisho la kimataifa la mchezo huo. Lakini mambo ninayoyaeleza hapa ni ya Marekani na Kanada, na yana utaratibu wao ambao mtu aliyekulia kwenye soka huuona wa ajabu.

Kwetu kijana mwenye kipaji husajiliwa na klabu iliyomwahi. Kule kuna drafti. Mara moja kwa mwaka klabu 32 za NHL hupokezana zamu kuchagua vijana, raundi saba, majina 224. Kijana hachagui klabu, klabu ndiyo inayomchagua, na huanza kustahili akiwa na miaka 18. Katika soka ya Kimarekani na mpira wa kikapu, kwa kawaida mtu akishachaguliwa ndiyo kwaheri ya chuo. Wa hoki huchaguliwa leo, kesho akafunga begi akaenda kusoma, na klabu ikabaki imeshika haki ya kumsajili. Ni kama binti aliyechumbiwa: mahari haijatolewa, harusi haina tarehe, lakini mwingine haruhusiwi kupiga hodi.

Uchumba huo una kikomo. Kwa mchezaji wa chuo, utaratibu uliozoeleka ni kwamba klabu humshikilia kwa miaka minne ya masomo, mpaka tarehe 15 Agosti ya mwaka anaohitimu. Saa sita ya usiku huo ikipita hajasaini, yuko huru kuongea na klabu yoyote. (Kanuni hizi hujadiliwa upya kila mara kati ya ligi na chama cha wachezaji, na mkataba wa pamoja unaoanza Septemba 2026 unagusa baadhi yake, kwa hiyo anayefanya uamuzi leo asome maandishi ya leo.)

Aliyeifanya tarehe hiyo ijulikane na kila mshabiki ni Jimmy Vesey. Nashville Predators walimchagua mwaka 2012, raundi ya tatu. Akaenda Harvard, akamaliza miaka yote minne, akatwaa Hobey Baker mwaka 2016. Nashville walikuwa tayari kumpa mkataba na nafasi ya kucheza papo hapo. Akakataa. Walipoona maji yamezidi unga wakauza haki yake kwa Buffalo Sabres ili wasitoke mikono mitupu. Buffalo nao akawasikiliza kwa adabu, akasubiri Agosti 15 ipite, kisha akasaini na New York Rangers. Mwaka uliofuata Will Butcher wa Chuo Kikuu cha Denver, naye mshindi wa Hobey Baker, aliiacha Colorado iliyomchagua akaenda New Jersey Devils kwa mlango ule ule.

Watu walimtukana sana Vesey, na mimi sikuona kosa lake. Kijana alichaguliwa na watu asiowajua akiwa na miaka 19, kanuni ikampa siku moja ya kuchagua mwenyewe, akaitumia. Ila tuseme pia kilichofuata: alikuwa mchezaji wa kawaida wa NHL, akahamahama klabu kadhaa. Uhuru ulimpa mji alioutaka. Haukumwongezea kipaji.

Klabu nazo zinajua kuhesabu. Ndiyo maana mchezaji mzuri akimaliza mwaka wa tatu simu huanza kulia kwa fujo: mwaka mmoja zaidi na anaweza kuondoka bure. Asiyetaka kusaini huuzwa mapema. Adam Fox alichaguliwa na Calgary mwaka 2016, haki yake ikapelekwa Carolina mwaka 2018, kisha Rangers mwaka 2019, na hajakanyaga barafu ya NHL hata mara moja wakati wote huo. Alikuwa Harvard, anasoma. Fox ni mtoto wa Long Island aliyekua akiishabikia Rangers, na kila mtu alijua anakotaka kwenda. Mwaka 2021 alikuwa beki bora wa ligi nzima. Kwa hiyo kukaa chuoni humpa mchezaji kitu ambacho wenzake waliosaini mapema hawana, yaani uwezo wa kusema hapana na kusikilizwa. Lakini ni silaha ya wachache. Kijana wa raundi ya sita mwenye mabao manane akisema hapana, klabu humtakia heri.

Hiyo ni saa ya kwanza. Ya pili iko ndani ya mkataba wenyewe, na ndiyo inayowapiga chenga hata waandishi wa michezo.

Mkataba wa kwanza wa NHL haupatikani kwa kelele za wakala. Una bei ya juu iliyowekwa. Kwa waliochaguliwa mwaka 2024 na 2025, mshahara wa juu ni dola 975,000 kwa mwaka, na ndani yake pesa ya kusaini haizidi asilimia 10. Nyota wa kwanza katika drafti na kijana mwingine aliyebahatika wanagonga dari moja. Tofauti yao inatoka kwenye marupurupu ya mabao, pasi na tuzo. Urefu wa mkataba pia haujadiliwi, unafuata umri. Anayesaini akiwa na miaka 18 hadi 21 anafungwa miaka mitatu. Wa 22 au 23, miwili. Wa 24, mmoja.

Soma tena sentensi hizo tatu za mwisho, maana ndipo penye hesabu. Pesa kubwa ya hoki haiko kwenye mkataba wa kwanza, iko kwenye wa pili. Kwa hiyo kinachomuuma mchezaji mzuri ni muda wa kukaa chini ya dari ile. Anayekaa chuoni miaka minne na kusaini akiwa na 22 hufungwa miaka miwili tu, lakini ameshatumia miaka minne bila mshahara wa NHL. Anayesaini na 19 hufungwa mitatu, na akiwa na 22 yuko mezani anadai mamilioni. Ikiwa ni mzuri kweli, aliyetoka mapema ndiye aliyetangulia kwenye pesa. Ikiwa si mzuri bado, miaka yake mitatu inaliwa akiwa benchi au ligi ya chini, na anafika kwenye mkataba wa pili hana cha kuonyesha.

Hapo ndipo unapokuja mchezo wa masika uitwao kuchoma mwaka. Msimu wa chuo huisha mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili; wa NHL bado una wiki kadhaa. Klabu inamwambia kijana: saini leo, mkataba uhesabiwe kuanzia msimu huu unaomalizika. Acheze mechi mbili tatu, na mwaka mmoja kati ya mitatu umeteketea. Kwa klabu ni hasara, maana inampoteza chini ya dari mwaka mmoja mapema. Inakubali kwa sababu ndiyo chambo ilichonacho. Kwa wa miaka 18 na 19 kuna kizuizi: asipofikisha mechi 10 za NHL, mkataba husogezwa mbele mwaka mzima kana kwamba haujaanza.

Makar alichoma mwaka wake namna hiyo. Mkataba wake ukahesabiwa kuanzia msimu wa 2018-19, ukaisha kiangazi cha 2021, na palepale akasaini mwingine wa miaka sita, dola milioni 9 kila mwaka. Bao la Jumatatu ile lilikuwa tamu kwa mashabiki. Kwa aliyeshika kalamu na karatasi, kukanyaga barafu kwenyewe ndiko kulikokuwa na bei.

Sasa uje mlango wenyewe. Unafunguka upande mmoja. Mchezaji akishasaini mkataba wa NHL amepoteza ustahiki wa kuchezea chuo, basi. Anaweza kurudi kusoma akiwa na miaka 35, na wapo wanaofanya hivyo, lakini jezi ya chuo hataivaa tena. Ndiyo maana kwa miaka mingi wachezaji wa vyuo waliongea na watu walioitwa washauri wa familia, ambao kila mtu alijua ni mawakala, kwa sababu chama kinachosimamia michezo ya vyuo, NCAA, hakikutaka mwanafunzi awe na wakala. Mshauri anakunywa kahawa na mama mtu, anatoa maoni, halipwi. Siku ya kusaini anabadilika jina.

Na akisaini, anacheza wapi? Hili ndilo swali ambalo mzazi hupaswa kuuliza kabla ya kuuliza kiasi cha pesa. Mkataba wa kwanza una mishahara miwili: mmoja wa NHL, mwingine wa ligi iliyo chini yake, AHL. Ule wa pili haufiki dola 100,000 kwa mwaka. Gazeti litaandika dola 975,000 kwa herufi kubwa, lakini klabu ikimshusha Oktoba kwenda timu ya akiba, anapokea ule mdogo, kabla ya kodi na kabla ya fungu la wakala. Wenzao wanaotoka ligi za vijana za Kanada wamekuwa wakizuiwa kushushwa AHL kabla ya kufika 20. Hurudishwa kwenye timu zao za ujana. Aliyetoka chuoni hana kinga hiyo. Yeye hushuka hata akiwa na 19.

Kushuka AHL si aibu, na wengi wamekomazwa huko. Lakini linganisha wiki mbili. Chuoni mechi ni Ijumaa na Jumamosi. Jumapili ya kulala. Jumatatu hadi Alhamisi ni darasa asubuhi, barafu mchana, vyuma jioni. Msimu mzima mechi ni kama 40 tu. AHL ni mechi 72, NHL ni zaidi ya 80, basi au ndege, hoteli, mechi, basi tena. Katikati ya msimu mtu wa ligi hainui vyuma ili anenepe, anainua ili asiporomoke. Mwili hujengwa chuoni, kwenye ligi mwili hutumika.

Tazama kona moja ya uwanja. Paki imekwama kwenye ukuta wa mbao, watu wawili wanaikimbilia. Mmoja ana miaka 19 na kilo 78, mikono yake ndiyo iliyomfanya achaguliwe. Mwingine ana miaka 31, kilo 98, watoto wawili na mkataba unaoisha Juni. Wa pili anafika nusu hatua nyuma, hajali paki hata kidogo, anaweka bega kwanza. Mara ya kwanza kijana ananyanyuka. Mara ya ishirini, mwezi wa Januari, anaanza kufika kwenye kona akiwa ameshageuza kichwa kumtazama anayekuja, na paki inampita. Makocha huliona hilo kabla ya takwimu kulionyesha. Kijana aliyekuwa na mikono ya dhahabu sasa anacheza kwa tahadhari, na tahadhari ikishaingia mwilini haitoki upesi.

Upande wa pili upo, na watu wa vyuo hupenda kuuruka. Mchezaji aliyewazidi wenzake mno huharibika kwa kubaki. Anashika paki muda mrefu kuliko inavyofaa kwa sababu hakuna wa kumpokonya. Anapita watatu kila Ijumaa kwa ujanja ambao NHL utamtoa damu. Macklin Celebrini aliingia Chuo Kikuu cha Boston akiwa na miaka 17, akapata pointi 64 katika mechi 38, akawa mdogo kuliko wote waliowahi kushinda Hobey Baker, San Jose wakamchagua wa kwanza mwaka 2024. Akaondoka baada ya mwaka mmoja. Msimu wake wa kwanza NHL alipata pointi 63 katika mechi 70. Ungemrudisha chuoni ajifunze nini? Kuna pia pale ambapo klabu haiamini mafunzo ya chuo. Desemba 2007 Kyle Okposo aliiacha timu ya Chuo Kikuu cha Minnesota katikati ya msimu, darasa halijaisha, akasaini na New York Islanders, na meneja wa klabu hakuficha kwamba hakuridhishwa na namna kijana wake alivyokuwa akiendelezwa. Ugomvi ulikuwa mkubwa. Okposo alikuja kucheza zaidi ya mechi 1,000 za NHL na kustaafu na kombe la Stanley, yaani la ubingwa wa NHL, la 2024 mkononi, akiwa na Florida.

Kuhusu pesa, mambo yamegeuka kiasi kwamba ushauri wa miaka kumi iliyopita hautumiki. Zamani mwanafunzi alipata ufadhili wa masomo tu. Si haba: katika vyuo kama Boston ada na malazi hupita dola 80,000 kwa mwaka. Lakini huwezi kuutuma nyumbani. Tangu Julai 2021 wanamichezo wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa kutumia jina na sura zao kwenye matangazo. Juni 2025 mahakama ikaidhinisha makubaliano yanayoviruhusu vyuo vyenyewe kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, kwa kikomo cha kama dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza, michezo yote ikijumlishwa. Na Novemba 2024 NCAA ilikubali kwamba kuanzia Agosti 2025 wachezaji wa ligi za vijana za Kanada, waliokuwa wakihesabiwa kuwa wameshalipwa na hivyo hawastahili, waruhusiwe kuingia vyuoni, mradi hawajasaini na NHL.

Matokeo yakaonekana haraka. Gavin McKenna, mtoto wa Whitehorse kule Yukon, nyota wa Medicine Hat Tigers, timu ya ligi hizo za vijana za Kanada, alitangaza Julai 2025 kwamba anakwenda Chuo Kikuu cha Penn State. Vyombo vya habari vya Marekani viliripoti kiasi cha kama dola 700,000 kwa msimu. Linganisha na mshahara wa AHL uliotajwa hapo juu. Kwa mara ya kwanza mchezaji wa daraja la juu anaweza kubaki chuoni kwa sababu ya pesa. Si kila mtu ni McKenna, wengi hupata posho ya kununulia viatu na kujaza gari mafuta. Na vyuo kama Harvard havitoi hata ufadhili wa michezo. Ila ule wimbo wa "mwacheni akatafute riziki" umepungua nguvu.

Hapa nina neno la pembeni kwa wasomaji wenye ndugu huko. Mwanafunzi wa kigeni anayeishi Marekani kwa hadhi ya F-1, viza ya mwanafunzi, haruhusiwi kufanya kazi atakavyo, na pesa za matangazo zina mtego wake upande wa uhamiaji. Wakimbiaji wetu wanalijua vizuri. Edward Cheserek, Mkenya aliyeshinda mataji 17 ya vyuo akiwa Oregon, alisoma enzi ambazo mwanariadha wa chuo hakuruhusiwa kugusa pesa ya zawadi, huku wenzake waliobaki Iten wakikimbia barabarani Ulaya kwa fedha taslimu. Leo Mkenya kama yeye ana ruhusa ya NCAA lakini lazima amwone mwanasheria wa uhamiaji kwanza. Mkanada wa hoki naye yumo kwenye foleni hiyo hiyo.

Na shahada? Wanaoidharau hawajamsikia Ken Dryden. Alichaguliwa na Boston mwaka 1964, akaenda Cornell akasoma mpaka akamaliza, mwaka 1971 akaibuka golini kwa Montreal Canadiens na kutwaa kombe pamoja na tuzo ya mchezaji bora wa mtoano, kabla hata hajahesabiwa kuwa na msimu kamili. Akaendelea kusoma sheria McGill. Mwaka 1973 walipokosana kuhusu mshahara, alifanya jambo ambalo mwenye klabu hakuwa amelizoea: alivua glovu, akahamia Toronto, akafanya mwaka wa mafunzo katika ofisi ya wanasheria kwa ujira mdogo. Msimu mzima kipa bora duniani yuko kwenye mafaili. Montreal wakamrudisha kwa pesa aliyoitaka. Cheti kilimlipa akiwa bado mchezaji.

Wengi hawahitaji mkasa mkubwa hivyo. Majina 224 kwa mwaka, na klabu yenye nafasi za watu 23. Sehemu kubwa ya waliochaguliwa hawatadumu NHL. Wengine hawakuchaguliwa kabisa, kama Martin St. Louis, mfupi wa Chuo Kikuu cha Vermont aliyemaliza miaka yake minne bila klabu yoyote kumtaka kwenye drafti, kisha mwaka 2004 akawa mchezaji bora wa ligi na bingwa akiwa Tampa Bay. Kwa mtu kama huyo chuo kilikuwa miaka minne ya kuonekana. Angetoka mwaka wa pili angekwenda wapi?

Ningekuwa mimi ndiye mjomba niliyeitwa mezani, nisingeanza na dola. Ningeuliza: Oktoba, mechi ya kwanza, jina lako linaandikwa kwenye mstari wa ngapi, na nani anaumia au kuuzwa ili uandikwe? Klabu ikijibu kwa jina la mchezaji na nafasi yake, saini. Ikijibu kwa maneno ya "tunakupenda, tuna mipango nawe", rudi chuoni, maana maneno hayo wameyasema kwa vijana kumi na wawili wengine mwaka huu. Kisha ningeuliza kama bado kuna mtu chuoni anayemnyang'anya paki. Mengine yote, kuchoma mwaka, Agosti 15, marupurupu, ni ya wakala. Ndiyo kazi anayolipwa.

Hata hivyo majibu mazuri hayafanani. Mwaka 2021 drafti ilitoa jambo la kustaajabisha: kati ya watano wa kwanza, wanne walikuwa wa Chuo Kikuu cha Michigan au njiani kwenda huko. Owen Power, wa kwanza, Buffalo. Matty Beniers, wa pili, Seattle. Luke Hughes, wa nne, New Jersey. Kent Johnson, wa tano, Columbus. Klabu zote nne zilikuwa dhaifu au mpya, zenye njaa, na hakuna aliyesaini. Wote wakavaa jezi moja Ann Arbor, mji wa chuo hicho, msimu wa 2021-22. Vyuo vingine vikasema kombe limeshapata mwenyewe. Aprili 2022, nusu fainali, Chuo Kikuu cha Denver kikawatoa 3-2 katika muda wa nyongeza.

Siku chache baadaye Power, Beniers na Johnson walikuwa wameshasaini. Power alicheza mechi yake ya kwanza mjini Toronto, jirani na nyumbani kwao Mississauga. Hughes alikuwa mdogo wao, ndiyo kwanza amemaliza mwaka mmoja wa chuo, na alikuwa na kaka wawili ndani ya NHL wa kumpa ushauri: Quinn, aliyekaa Michigan miaka miwili, na Jack, ambaye hakwenda chuo kabisa. Jack alikuwa New Jersey, klabu iliyokuwa ikimsubiri mdogo wake. Luke akarudi Ann Arbor. Msimu huo akapata pointi 48 katika mechi 39, na Aprili 2023, kwenye mechi yake ya pili tu ya NHL, akafunga bao la ushindi katika muda wa nyongeza dhidi ya Washington.